Taa za ulinzi, wezi wa mashine za boti na kasa wanaotaga: je, lazima tuchague kimoja?

Swali la msomaji: Kijiji chetu kiko kwenye kisiwa kidogo. Nyumba zetu na vibanda vya wageni vimepangana mbele ya ufuko. Baada ya kuibiwa mashine za boti na simu za wageni, kamati ilifunga taa kubwa nyeupe ufukoni kote, zinawaka usiku kucha. Wizi ulipungua kidogo, kisha ukarudi. Sasa asubuhi tunaokota watoto wa kasa waliokufa barabarani, na viota vinafukuliwa, vingine na mbwa, vingine na watu. Wenye boti wanasema taa zisiguswe. Wanaotunza kasa wanataka zizimwe zote. Nani yuko sahihi, na tuanzie wapi?

Jibu:

Pande zote mbili zina haki ya kulalamika, ila dawa zote mbili si dawa. Taa mlizofunga zinaua watoto wa kasa na wala hazilindi boti, na sababu ni moja: zimeelekezwa baharini, ziko juu, na ni kali mno. Ukizizima zote bila kuweka kitu kingine, mwezi wa kwanza ikiibiwa mashine moja tu, zitawashwa tena na hapo hakuna atakayesikiliza habari za kasa. Kwa hiyo taa zibadilishwe, na ulinzi wenyewe uhamishwe kutoka kwenye taa uende kwenye vitu vinavyomzuia mwizi kweli.

Nianze na kasa. Mtoto wa kasa hutoka mchangani usiku, mchanga ukishapoa. Hana anayemwonyesha njia. Anachofanya ni kutafuta upande ambao upeo wa chini ni mweupe zaidi, na kuupa mgongo upande wenye giza lililoinuka. Kwenye ufuko usio na taa, mweupe ni bahari inayorudisha mwanga wa nyota na mwezi, na giza ni miti na matuta ya mchanga nyuma yake. Weka taa moja nyeupe ukutani na hesabu yote inageuka. Anazaliwa na akiba ya kiini cha yai inayotosha kumsukuma aogelee mfululizo kwa takriban siku nzima ya kwanza, ili avuke maji ya karibu na pwani yenye samaki wengi wanaomla. Akiimaliza akizunguka nchi kavu, hata ukimwokota hai na kumtupa majini, amekwenda na tangi tupu. Wengine hukauka, wengine huliwa na kaa, mbwa na kunguru, na wengine ndio hao mnaowakuta barabarani.

Kasa jike naye hupata taabu. Akipanda akakuta mwanga mkali mara nyingi hugeuka bila kutaga, na jike wa aina nyingi hutaga mara kadhaa kwa msimu, kila baada ya wiki mbili hivi. Ufuko unaomkatisha tamaa humpotezea nguvu au humsukuma atage mahali pabaya.

Alama za mchangani zitakwambia hali ilivyo kabla ya maiti. Kiota kilichoanguliwa vizuri huacha shimo dogo lililobonyea na michirizi mingi myembamba iliyotawanyika kidogo kama pembe nyembamba, yote ikielekea majini. Ukikuta michirizi imepinda kwa upinde mrefu, imezunguka, au imeelekea nyumba fulani, fuata mwelekeo wake mpaka mwisho. Karibu kila mara utafika kwenye taa yenye kosa. Pima umbali, piga picha, andika namba ya nyumba. Kikao kinachoanza na picha ya michirizi inayoelekea kwenye taa ya mtu huwa kifupi.

Sasa upande wa wezi. Jicho la mtu huchukua dakika 20 hadi 30 kuzoea giza kikamilifu, na mwanga mkali wa sekunde chache hulirudisha nyuma. Mlinzi aliyekaa chini ya taa kubwa anaona duara lake tu, na nje ya hapo kwake ni ukuta mweusi. Mwizi aliyeko gizani anamwona mlinzi, anaona boti zote, na anaona mashine ipi ni mpya. Taa ya juu yenye mwanga wa pembeni huangusha kivuli kizito nyuma ya kila boti, na kivuli hicho ndicho anachofanyia kazi. La tatu ni mazoea: taa inayowaka usiku kucha haimwambii mtu chochote. Inayowaka ghafla humfanya mtu ageuze kichwa. Ndiyo maana wizi ulipungua kidogo mwanzoni, kisha ukarudi. Wamezoea.

Kagua taa moja moja

Chagua usiku usio na mwezi. Watu wawili, daftari, na mchoro wa ufuko. Tembeeni pale kasa wanapotaga, yaani kuanzia alama ya maji ya bamvua kwenda juu hadi kwenye majani. Kila hatua 30 simameni muulize mambo matatu. Je, balbu yenyewe inaonekana kutoka hapa? Je, kuna ukuta, dari au mti unaong'aa kwa mwanga wake? Je, mwili wako unaangusha kivuli mchangani? Kisha mmoja wenu alale kifudifudi, macho yawe sentimeta tano au kumi juu ya mchanga, atazame upande wa nchi kavu. Watu wengi huliruka jambo hili kwa kuona haya, halafu wanashangaa kwa nini taa waliyoipitisha imeleta maafa. Ukiwa chini namna hiyo utaona taa za jikoni, tochi za simu, na taa ya choo cha nje ambayo hakuna aliyeikumbuka.

Kila taa ipewe hukumu moja kati ya nne: iondolewe kwa sababu haina kazi, ishushwe na kufunikwa, ibadilishwe rangi, au iwekewe sensa. Msishangae mkikuta nyingi zaidi ya mlivyodhani zinaingia kundi la kwanza.

Zinazobaki zitimize masharti matatu kwa pamoja, si moja wala mawili. Ziwe chini: taa ya njia haihitaji kuzidi mita moja kutoka ardhini, na ya ngazi inatosha sentimeta 30. Zifunikwe, mwanga ushuke chini tu na balbu isionekane kabisa kutoka ufukoni. Na ziwe na mwanga wa mawimbi marefu, nanometa 560 kwenda juu (nanometa ni kipimo cha urefu wa mawimbi ya mwanga), ambao kwa macho yetu ni kaharabu, yaani rangi ya asali, chungwa iliyokolea au nyekundu.

Hapo kwenye rangi ndipo fedha nyingi hupotea bure. LED nyeupe hutengenezwa kwa chipu ya buluu iliyopakwa unga unaobadilisha sehemu ya mwanga wake. Kwa hiyo kila LED nyeupe, hata ile inayoitwa nyeupe ya joto na ikaonekana ya njano, bado ina buluu ndani yake, na buluu na kijani ndizo zinazomvuta mtoto wa kasa kuliko rangi nyingine. Kununua balbu ya njano hafifu, kuipaka rangi ya kucha au kuifunga nailoni nyekundu hakutoshi. Rangi hupauka kwa jua na joto, nailoni huyeyuka, na mwanga huvuja pembeni. Tafuteni LED ambayo chipu yake yenyewe ni ya kaharabu, na kwenye boksi au karatasi yake pameandikwa mawimbi yake kwa nanometa, kwa kawaida kati ya 585 na 595. Kama haikuandikwa, idhaniwe ni nyeupe iliyovikwa. Taa za jua zenye sensa ndani yake nazo karibu zote ni nyeupe kali, na haziachi kuwa nyeupe kwa kuwa zinawaka dakika moja.

Kaharabu ina kasoro yake na wenye boti wana haki ya kuijua mapema: rangi hazionekani vizuri chini yake. Shahidi hataweza kusema kwa hakika kama shati lilikuwa la buluu au la kijani. Atasema urefu, mwendo, mzigo, na upande alioelekea mtu, na mara nyingi hayo hufaa zaidi. Kwa sura za watu tumieni kamera, nitazifikia.

Sensa ya mwendo ni silaha nzuri ikifungwa ipasavyo. Inahisi joto la mwili linapokatisha mbele yake, si linapoijia moja kwa moja, kwa hiyo iwekeni pembeni mwa njia, kimo cha mita mbili hadi mbili na nusu, ikitazama njia kwa ubavu. Iangalie mlango, uchochoro au safu ya boti kutokea upande wa bahari kwenda nchi kavu. Ikitazama mchanga, kila kundi la wageni wanaopita litaiwasha. Muda wa kuwaka usizidi dakika moja. Sehemu ya chini ya lenzi izibwe kwa utepe mweusi ili paka na mbwa wasiiamshe. Sensa ikiwaka ovyo mara kumi kwa usiku, usiku wa tatu hakuna atakayetoka kuangalia. Matawi yanayochezacheza mbele yake yakatwe. Na usiku wa joto kali, ukuta unapokaribia joto la mwili wa mtu, umbali wake wa kuhisi hupungua. Si kwamba imeharibika.

Madirisha yasisahauliwe. Kanuni ya mfano ya jimbo la Florida nchini Marekani, ambako kasa wengi hutaga mbele ya majengo makubwa, inataka kioo kinachotazama ufuko kisipitishe zaidi ya asilimia 45 ya mwanga kutoka ndani kwenda nje. Kwa nyumba ya kawaida pazia zito linalofungwa jioni linafanya kazi hiyo hiyo. Na mioto ya ufukoni ipigwe marufuku msimu wa kuanguliwa. Watoto wa kasa huifuata na kuingia humo humo.

Kamera

Kamera ya usiku humulika kwa mwanga wa infraredi, ambao macho ya kasa hayaufikii. Ziko za nanometa 850, ambazo ukizitazama karibu utaona nukta nyekundu iliyofifia, na za 940, ambazo huoni kitu lakini mwanga wake haufiki mbali kama wa zile za 850. Kwa lango na safu ya boti chukueni 850. Pale msipotaka mwizi ajue kamera iko wapi, 940. Zimeni kabisa ile taa nyeupe inayokuja kwenye kamera za siku hizi, kwa kuwa nyingi huiwasha zenyewe zikihisi mtu.

Kamera iliyotundikwa juu ya mnazi inarekodi kofia. Moja iwe kimo cha uso, karibu mita moja na nusu hadi mbili, pale ambapo kila mtu lazima apite: kichwa cha ngazi, mlango wa gati. Ufukoni kuna maadui wawili wa kudumu. Chumvi hula skrubu na viungio vya waya, basi tumieni chuma kisichoshika kutu cha daraja la 316 na kasha la IP66, lisiloingiza vumbi wala maji, na kila kiungo kipakwe grisi na kufungwa utepe wa mpira. Adui mwingine ni buibui: hujenga mbele ya lenzi, na uzi mmoja ukimulikwa huwa ukungu mweupe picha nzima. Kitambaa kikavu kila wiki kinatosha. Kwenye usiku wa unyevu mwingi, kimulikaji kitengwe mita moja au zaidi kutoka kwenye kamera, la sivyo matone ya hewani yatarudisha mwanga machoni mwake.

Boti na mashine

Hapa ndipo wizi unapozuiwa hasa, na mara nyingi ndipo pasipotiwa fedha. Mashine ndogo ya nguvu farasi 15 ya mipigo miwili ina uzito wa takriban kilo 40 au pungufu. Mtu mmoja mwenye nguvu anaibeba begani. Anachohitaji ni kulegeza mikono miwili ya kubania, na kazi hiyo haichukui dakika tatu. Mashine ya ukubwa huo dawa yake bora ni kulala nyumbani. Ikibidi ibaki, vikeni mikono yote miwili bomba la chuma lenye mfuo na kufuli, ili isizunguke, kisha pigeni boliti zinazopita kwenye ubao wa nyuma wa boti. Wezi wakishindwa kufuli hukata ubao kwa msumeno, kwa hiyo wekeni bamba la chuma pande zote mbili za ubao pale mashine inapokaa. Mnyororo upite kwenye bano la mashine, usipite kwenye kishikio cha kubebea, ambacho huvunjwa kwa nyundo. Kufuli ziwe za shaba nyeupe au njano, zifunguliwe na kupakwa grisi kila wiki. Kufuli lililoganda kwa chumvi huishia kukatwa na mwenyewe, halafu halinunuliwi jingine.

Tangi la mafuta na mpira wake viondoke na mwenye boti kila jioni. Kifungo cha kuzimia kile cha kamba si ulinzi, kwani mwizi ana chake mfukoni.

Kisha kuna namba. Kila mashine ina bamba la namba kwenye bano, na mwizi hulibandua siku hiyo hiyo. Lakini watengenezaji wengi hupiga namba hiyo tena kwenye kizibo kidogo cha chuma, duara kama sarafu, kilichogongewa kwenye bloku ya injini chini ya kifuniko. Wauzaji wa vitu vya wizi wengi hawakigusi. Fungueni kifuniko, kifuteni kizibo kwa kitambaa chenye mafuta kidogo, mwangaze tochi kwa ubavu, pigeni picha. Andikeni daftarini jina la boti, nguvu ya mashine, namba zote mbili, mikwaruzo na kovu lolote la kutambulisha, na alama ya siri mliyoichonga sehemu mbili, moja ikiwa imefichika. Nakala tatu: kwa kamati, kituo cha polisi, na mtu mwaminifu kwenye bandari ya ng'ambo ambako mashine za wizi lazima zishukie.

Jambo hilo la mwisho ndilo faida kubwa ya kisiwa, na wakazi hulisahau kwa kuwa wameizoea bahari. Bara, mwizi ana barabara mia. Kwenu hana njia ila maji, na si kila mahali wala kila saa. Chukueni ramani mtie alama sehemu zote ambazo boti yenye mzigo inaweza kufika, kisha futeni zile ambazo mwamba au maji kupwa huzifunga. Mara nyingi zitabaki chache. Hizo ndizo za kulinda, si kilomita nzima ya mchanga. Kila diko liwe na daftari la boti ngeni: jina, saa ya kufika, saa ya kuondoka, watu wangapi.

Doria moja kwa kazi mbili

Kasa hupendelea kupanda maji yanapojaa, kwa sababu safari ya kutambaa inakuwa fupi. Anayekuja kuiba kwa boti naye anataka maji yajae, ili asikwame na mzigo. Anayefuata mayai anamfuata kasa. Kwa hiyo acheni zamu za saa nne hadi saa saba kila siku, ambazo mwizi anazijua kuliko mlinzi mwenyewe. Pangeni doria kwa bamvua na maji mafu: saa mbili kabla ya maji kujaa hadi saa mbili baada yake. Kujaa huchelewa kwa takriban dakika 50 kila siku, basi na doria isogee. Halafu watu wawili wengine wapite alfajiri, kabla jua halijachomoza, kusoma alama zote za usiku kabla miguu ya watu haijazifuta.

Watembee wawili wawili kwenye mchanga mbichi, chini ya alama ya maji, wakiwa na tochi nyekundu ambayo haiwashwi bila sababu. Dakika 20 za kwanza macho yatalalamika, baada ya hapo wataona zaidi ya yule aliye chini ya taa kubwa. Wakimwona kasa anapanda, wasimame au wakae. Wasimkaribie mpaka aanze kutaga, na hata hapo wawe nyuma yake, si mbele ya macho yake. Picha za mwako wa flashi hapana, hata mgeni akilipa.

Akishaondoka, andikeni mahali pa kiota, lakini msikipigie kigingi chenye bango. Bango linawaongoza wezi wa mayai kama linavyowaongoza watalii. Chagueni alama mbili za kudumu, mti na nguzo kwa mfano, mpime kwa utepe umbali kutoka kila moja, na kuongeza nukta ya GPS. Pale vipimo viwili vinapokutana ndipo penye mayai. Kisha chukueni tawi mfute mburuzo wa kasa kutoka majini hadi kiotani, kwa sababu mburuzo wenye upana wa karibu mita moja unaonekana kutoka kwenye ngalawa. Daftari hilo likae na watu wasiozidi watatu.

Mayai yasihamishwe kwa hofu tu. Saa chache baada ya kutagwa, kiinitete hujishikiza juu ndani ya ganda, na yai likigeuzwa hapo hufa. Kiota kilicho chini ya alama ya bamvua kinaweza kuhamishwa na mtu aliyefunzwa na mwenye kibali, ndani ya saa sita tangu kutagwa, bila kugeuza yai hata moja. Zaidi ya hapo kiacheni. Kufikiwa na wimbi mara moja si hukumu ya kifo.

Kwa mbwa kuna wavu. Utoeni kwenye plastiki ngumu, mita moja au zaidi kila upande, matundu ya sentimeta 5 kwa 10 ili watoto wapenye, mufukie juu ya kiota kina cha sentimeta chache na kukaza pembe zote nne kwa vigingi virefu. Msitumie waya wa chuma: watoto wa kasa huhisi usumaku wa dunia, na chuma juu ya kiota huuvuruga. Ila wavu hautashinda mbwa kumi wenye njaa wanaokula matumbo ya samaki usiku kucha kwenye diko. Taka zifunikwe na kuondolewa kabla ya magharibi. Wanaofuga mbwa kwa ulinzi wamfunge kamba kwenye safu ya boti: atabweka vilevile, na hatazurura.

Boti zenyewe zivutwe pamoja, sehemu moja au mbili, zikilala pua juu na tezi baharini badala ya kutanda ubavu kwa ubavu ufuko mzima. Kasa anapata njia, na mlinzi mmoja anatosha mahali palipohitaji watano. Vitanda vya wageni na nyavu viondolewe mchangani jioni, na mashimo yaliyochimbwa na watoto yafukiwe.

Doria ikikutana na watu wanaofukua au kuchinja, isiwakimbize. Wenye panga na boti hawafukuzwi na watu wawili wenye tochi. Rudini nyuma, andikeni saa, idadi, sauti zilizosikika, umbo na rangi ya boti, upande ilioelekea, kisha pigeni simu. Nyayo msizikanyage. Zipigwe picha kutoka juu, zikiwa na rula au kalamu pembeni kuonyesha ukubwa. Gunia, ganda, kisu, chochote kilichoachwa, kisioshwe wala kupitishwa mikononi mwa watu kumi. Mtu mmoja akichukue kwa glavu au mfuko, aandike saa na mahali, amkabidhi ofisa mmoja na apewe namba ya taarifa. Kesi nyingi za namna hii hufia kwa kielelezo kilichozunguka kijiji kizima kabla ya kufika kituoni.

Na waelezeni wanaokula, maana wengine si wezi, ni wenye njaa au mazoea. Aina zote saba za kasa wa baharini zimo kwenye Kiambatisho cha I cha CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini kutoweka, kwa hiyo biashara ya kimataifa ya nyama, mayai na magamba yao hairuhusiwi. Lakini hoja inayosikilizwa zaidi ni sumu. Nyama ya kasa, ya ng'amba hasa, wakati mwingine huwa na sumu ambayo haiondoki kwa kuchemsha wala kukausha, haina dawa ya kuizima, na hupita kwenye maziwa ya mama hadi kwa mtoto anyonyaye. Hakuna anayeweza kumtambua kasa mwenye sumu kwa kumtazama. Machi 2024 katika kisiwa cha Panza, Pemba, watoto wanane na mtu mzima mmoja walikufa baada ya kula nyama hiyo.

Mkikuta watoto waliopotea

Wekeni mchanga mbichi kidogo ndani ya ndoo, muwatie humo, mfunike kwa kitambaa na kuiweka mahali pa baridi na giza. Msitie maji. Wakiwa majini huanza kuogelea, na akiba inaungua ndani ya ndoo. Wapelekeni usiku huo huo sehemu yenye giza, muwaache mita chache juu ya maji watambae wenyewe. Wakiokotwa mchana wangojee magharibi. Na taa iliyowapoteza izimwe usiku uo huo, kwa kuwa ndugu zao hutoka kwenye kiota hicho hicho usiku wa pili na wa tatu.

Pakiwa na taa msiyoweza kuiondoa haraka, kama ya gati, zungushieni kiota kitambaa cheusi kizito chenye kimo cha sentimeta 50 au 60, umbo la kiatu cha farasi, mdomo ukitazama bahari. Kifungwe siku ya 45 tangu kutagwa. Mayai mengi huanguliwa kati ya siku 45 na 70, mapema mchanga ukiwa wa moto.

Mkianza leo, kazi ya kwanza ni kuzima zile taa zisizo na mtu wa kuzihitaji, kufunika zilizobaki kwa bati lililokunjwa, na kusajili mashine zote. Vyote vitatu havina gharama kubwa, na cha tatu ndicho kitakachowatuliza wenye boti wakubali viwili vya kwanza. Kaharabu na kamera zije mkishapata fedha. Tafuteni kwenye daftari kiota cha zamani zaidi ambacho hakijaanguliwa na mhesabu siku 45 kutoka tarehe yake. Kama kilitagwa wiki tatu zilizopita, mna siku 24 za kuzishughulikia taa zinazokitazama.